Ng'ombe wa Noeli ya Bigo

Juma lililopita niliunguza uji wa muhogo katika chumba cha kazi cha shule ya sanaa ninakosoma. Si uji wa kunywa. Ni ule mzito wa kubandikia karatasi, ambao ukiusahau motoni unatoa harufu chachu, na harufu hiyo inashika nguo na nywele hadi kesho yake. Wenzangu walifungua madirisha huku wakilalamika, mmoja akachukua ufagio akajifanya ananifukuza nje. Mimi nilibaki nimeinama juu ya sufuria nikiendelea kunusa. Harufu ile ni ya mama yangu. Ni ya ua wetu wa Bigo, pale Bunia, mwezi wa Desemba, mvua zinapopungua na vumbi linarudi barabarani.

Siku chache kabla ya hapo mwalimu wetu alikuwa ametuonyesha picha za kazi za wasanii wa siku hizi. Kulikuwa na farasi wa matairi ya pikipiki, gauni la arusi lililoshonwa kwa mifuko ya sukari, uso wa mwanamke uliotengenezwa kwa misumari tupu. Darasa zima lilishangaa kwamba takataka zinaweza kuwa sanaa. Mimi sikushangaa hata kidogo, na ninasema hivyo bila kuona haya. Mwalimu alipotuuliza ni kazi gani iliyotupa moyo wa kwanza, wenzangu walitaja wachongaji na wachoraji wa mbali, majina ambayo yananipinda ulimi. Mimi nilijibu: ng'ombe wa mama yangu. Walicheka. Wacheke. Ninyi mliokua Bunia wakati mmoja na mimi, ketini niwaeleze.

Tulikuwa tumefika mjini kutoka Butembo. Baba aliendesha lori, akipakia simenti na chumvi, na kwa sababu kazi yake yote ilikuwa imehamia barabara ya Komanda, aliona afadhali familia ikae karibu naye. Kwa hiyo tukapanga nyumba Bigo. Baba hakuwa karibu hata hivyo, alikuwa barabarani daima. Aliyebaki kukabiliana na majirani alikuwa mama. Hakuna aliyetutukana. Watu walitusalimia vizuri, lakini mama akipita walisema, "Ule wa Butembo," wala si Mama Masika, jina ambalo lilikuwa haki yake kwa kunizaa mimi. Jambo hilo lilimuuma. Alikuwa mwanamke wa kupenda watu, na huko tulikotoka kila mlango wa mtaa ulikuwa wake.

Katika parokia yetu kila shirika, yaani kikundi cha Wakristo wa mtaa mmoja, lilipewa kitu cha kuleta kwa ajili ya hori la Noeli. Wengine walileta wachungaji, wengine nyota, wengine nyumba yenyewe ya majani. Mwaka huo shirika letu lilipewa ng'ombe. Ng'ombe wa zamani alikuwa ameliwa na mchwa. Kwenye mkutano wote walitazama chini, kama watu wanavyofanya kazi inapotafuta mtu wa kuibeba, ndipo mama akainua mkono.

"Mi nitafanya," akasema.

Nyuma yetu nilisikia mwanamke mmoja akinong'ona, "Ule wa Butembo ajue ngombe wapi? Kwao iko viazi na biashara tu." Mama naye alisikia. Msinidanganye kwamba watu wanainua mikono kwa ajili ya sanaa. Siku ile mama yangu aliinua mkono ili mtaa umjue kwa jina.

Alianza na kile alichokuwa nacho. Baba alikuwa analeta mifuko ya simenti iliyopasuka njiani, karatasi zake nene za kahawia, na mama alizihifadhi za kuwashia moto. Alichukua kitunga kikubwa kilichotoboka, akakifudikiza kiwe tumbo, akafunga fito ziwe shingo na miguu iliyokunjwa, maana ng'ombe wetu alipaswa kulala. Kisha akapika uji wa muhogo. Kazi yangu ilikuwa kukung'uta vumbi la simenti kwenye karatasi na kuzichana vipande virefu. Mikono yangu ilikuwa mikavu na inakwaruza hadi nilipokula fufu niliona aibu kuishika. Mama alichovya kila kipande katika uji, akakilaza juu ya kitunga, akakilainisha kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka. Sijawahi kuona mikono yenye haraka na upole kwa pamoja namna ile.

Alipomaliza alirudi nyuma kumtazama. Mimi nilimwona mzuri mno. Lakini juu ya ukuta wa miti uliotenga ua wetu na ua wa jirani kikatokea kichwa cha Mama Ngabu. Huyu alikuwa mwanamke mzee wa ukoo wa wafugaji, aliyezaliwa na kukua kati ya ng'ombe, na sisi watoto tulimwita Koko, nyanya wa wote.

"Jirani," akauliza kwa adabu kabisa, "ile nguruwe iko na pembe sababu ya nini?"

"Haiko nguruwe, Koko. Ni ngombe ya Noeli."

"Ngombe? Ile? Ngombe yangu ikizaa kitu kama ile, nitaita padiri mbio."

Mama alimtazama ng'ombe tena, halafu akacheka, akacheka hadi akakaa chini. Na Koko akazunguka akaingia kwa mlango. Hakumnyang'anya mama kazi, jambo ambalo wazee wengi wangelifanya. Alichuchumaa tu kando yake na kumshika mkono. "Gusa hapa kwa kiuno yako. Sasa ngombe, hapa mufupa inatoka inje kama kona ya meza. Na hapa chini ya shingo ngozi inaninginia. Na pembe! Ngombe ya huku iko na pembe ya kweli, haiko vidole." Mama alibomoa nusu nzima ya kazi yake bila kununa. Aliongeza nundu, akatokeza mifupa ya nyonga nje, akakunja fito ndefu mbili ziwe pembe zinazopanda na kukaribiana juu. Kila jioni mzee yule alikuja, na wawili wale walibishana na kucheka kama watu waliokua pamoja. Mimi ninaamini hadi leo kwamba ng'ombe yule alianza kuwa mzuri siku mama alipocheka.

Shida ilikuwa karatasi. Zilipokauka juani zilijikunja na kupasuka, na uji ukavutia mende. Koko alikagua nyufa zile, akaenda kwake, akarudi na beseni. Ndani yake mlikuwa na mavi ya ng'ombe, mabichi, yaliyochanganywa na majivu na udongo laini uliochekechwa.

Mama alisogea nyuma. Kwao mavi yalikwenda shambani.

"Sikia," Koko akasema. "Siye, kama mutoto anataka kuzaliwa mu nyumba, tunapaka chini na mavi ya ngombe kabla afike. Vumbi inalala. Nyumba inakuwa baridi, inakuwa safi. Ndiyo namna tunamupokea. Sasa uyu Mutoto anakuya, weye utamupokea na nini?"

Mama alitazama beseni, kisha akakunja mikono ya blauzi. Walimpaka ng'ombe nje na ndani, Koko akiingiza mkono kwa nyuma hadi begani kupitia tundu waliloliacha. Harufu ya mwanzo ilikuwa kali, siwezi kuisifu, lakini baada ya siku mbili za jua ilibaki kama ya nyasi kavu. Na ngozi ile! Ilikuwa ngumu, laini, na ilibeba alama za viganja vyao ambazo ukizitazama kwa upande wa mwanga zilikuwa manyoya. Walisugua udongo mwekundu mgongoni, chaki kwenye paji la uso, na masizi ya sufuria yaliyolainishwa kwa mafuta ya mawese machoni. Nimetumia rangi za gharama tangu wakati huo na sijapata jicho lenye uhai kama lile.

Sasa nieleze nilivyoelewa mimi. Hakuna aliyeniambia kwamba tunatengeneza sanamu. Nilijua tunatengeneza ng'ombe. Nilikuwa nimeona mifupa ikiwekwa, kisha nyama, kisha ngozi, na siku mavi yalipoingia tumboni niliona sasa kazi inakwenda kwa mpango.

"Koko," niliuliza, "imekula wakati gani?"

"Nani?"

"Ngombe. Si iko na mavi tayari."

Walicheka hadi machozi. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kilichobaki kwangu kilikuwa pumzi tu, kwa sababu katekista alitufundisha kwamba usiku ule ng'ombe alimpumulia Mtoto ili apate joto, na mimi niliijua vizuri baridi ya Bunia ya alfajiri. Mtoto mwenyewe niliwahi kumwona kwenye kabati la sakristia, kipande kimoja cha nguo kiunoni, basi. Kwa hiyo mama alipotaka kuziba pua na kuzichora tu kwa masizi, nilipiga kelele.

"Usiifunge! Itapumua na nini?"

"Masika, ni karatasi."

"Muache," Koko akasema. "Ngombe bila pua ni ngombe gani?"

Mama alinipa kijiti. Nilitoboa mwenyewe, pole pole, nikizungusha, hadi kijiti kikapita kabisa na kutokea ndani ya kichwa, kilichokuwa kitupu hadi shingoni na tumboni. Kisha nikalainisha kingo kwa kidole kilicholowa, kama nilivyowaona wao wakifanya. Matundu mawili. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya sanaa, na katika zote nilizofanya baadaye bado ninaiweka ya kwanza.

Ijumaa kabla ya Noeli alikuja Mama Prezidanti. Alikuwa mkuu wa kamati ya sikukuu ya parokia nzima, mwanamke mrefu, msafi, kitenge chake kimenyooka, na alikuwa anazunguka mashirika yote kukagua. Alisimama mbele ya ng'ombe wetu muda mrefu. Niliona uso wake ukifunguka. Kisha akavuta hewa puani.

"Hii harufu inatoka wapi?"

"Ni mavi kidogo, Mama," mama akajibu. "Ikikauka kabisa, inaisha."

"Mavi!" Alirudi nyuma, akakusanya kitenge chake. "Mbele ya altare? Siye tunaoga, tunavaa muzuri, tunaenda kuabudu Mungu, na weye unatuletea mavi?"

Koko hakuweza kuvumilia. "Mama Prezidanti, Yesu alizaliwa fasi gani? Ku maternite ya hospitali?"

"Ile ilikuwa zamani. Sasa iko kanisa." Akamgeukia mama, na sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa imechoka. "Nitakutumia rangi ya mafuta. Uipake yote, ifunike. Kama hapana, isitoke hapa."

Mimi nilikuwa nimeelewa tofauti kabisa. Niliona kwamba mgeni alimtazama ng'ombe puani, akangoja, akaona hapumui, akakasirika. Nilimkimbilia hadi barabarani. "Mama Prezidanti! Usiogope. Itapumua ku kanisa. Hapa haiko baridi." Aliniangalia kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha asiyoijua, akaenda zake.

Rangi ilifika jioni ile ile, kopo zima la kahawia. Mama alilifungua kwa kijiko, akakoroga, akainua kijiti akatazama rangi ikidondoka, nzito, inang'aa. Alitazama kopo, akatazama ng'ombe. Alikaa hivyo hadi nikachoka kusimama.

"Ni rangi ya mulango," akasema hatimaye, na akarudisha kifuniko.

Nilimuuliza itakuwaje wakimkataa. Sikuzoea kuona mama akiogopa, lakini alinijibu kama mtu mzima mwenzake. "Watatufukuza nayo mbele ya watu yote, tutairudisha hapa nyumbani. Na mi nitabaki ule wa Butembo mupaka nitakufa." Akampangusa ng'ombe vumbi mgongoni. "Lakini hii ni ngombe. Nikiipaka ile kitu, haitakuwa tena ngombe, itakuwa mulango. Heri wanikatale mi, kuliko mi nikatale kazi yangu."

Nimesoma vitabu vya sanaa tangu wakati huo, vingine vinene. Sijakutana na maneno yanayoeleza kazi yetu vizuri kuliko hayo aliyoyasema mama akiwa amechuchumaa uani na kopo la rangi ya mlango.

Tulimpeleka kwa pusipusi, mkokoteni tuliokodi pamoja na msukumaji wake, mimi nikishika pembe moja, Koko nyingine, mama akiongoza mbele na kitenge chake kizuri. Tulipita kando ya soko la Nyakasanza na watu wakaacha mizani. "Iko na bei gani?" mwenye kuuza maziwa akapaza sauti. "Iko natoa lita ngapi?" Koko akamjibu kwamba kuliko zake zote. Watoto walitufuata. Mimi nilitembea nikitazama mbele tu, maana niliona watu wanaobeba vitu vya maana hawatazami kando.

Padri alimgonga ng'ombe kwa kidole, akainama akamnusa, akanyoosha mgongo. "Muiache hapo," akasema. "Tutaona." Hakusema zaidi. Mama hakulala vizuri siku zilizobaki, na mimi nilijua kwa sababu tulilala kitanda kimoja.

Asubuhi ya Noeli kanisa lilijaa hadi nje. Hori lilikuwa upande wa altare, na ng'ombe wetu bado alikuwapo, mkubwa kuliko wachungaji wote, amelala na pembe zake juu, uso wake umeelekea kitanda cha majani. Mama Prezidanti alikuwa kiti cha mbele. Hakugeuka kututazama. Padri alifukizia altare ubani, akafukizia hori, akampa mtumishi wa sakristia chetezo, kile chombo cha makaa na ubani. Mtumishi alitafuta mahali pa kukiweka pasipo na majani makavu, na kwa kuwa nyuma ya ng'ombe palikuwa na jiwe tupu, akakiweka pale, karibu kabisa na lile tundu ambalo Koko alikuwa anaingizia mkono.

Mwanzoni hakuna aliyeona. Kwaya ilikuwa inaimba. Kisha kutoka puani mwa ng'ombe ukatoka moshi mwembamba, mweupe, mistari miwili iliyonyooka, ikashuka polepole juu ya Mtoto.

Nilipanda juu ya benchi. "Inapumua!" nilipiga kelele. "Mama, inapumua!"

Watu waligeuka kuninyamazisha, wakaona, wakageukia hori. Kwaya ilikatika katikati ya neno. Halafu mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, wa pili akapokea, na kanisa lote likainuka likishangilia, na mzee mmoja akapiga magoti katikati ya njia. Padri alisimama na mikono wazi akicheka kimya kimya, mabega yake yanatikisika. Koko alikuwa analia bila kujificha. Mama alinishika mguu kwa nguvu ili nisianguke. Mimi peke yangu sikushangaa. Nilikuwa nimetoboa pua zile hadi mwisho.

Baada ya misa watu hawakwenda nyumbani. Walijaa katika ua wa kanisa, na Mama Prezidanti alikuwa katikati pamoja na wageni waliotoka parokia nyingine. Mmoja wa wageni aliuliza ng'ombe yule alinunuliwa wapi.

"Haikununuliwa," Mama Prezidanti akajibu. "Ni kazi ya Mama Masika, wa shirika yetu ya Bigo."

Mama Masika. Alilisema jina lote, kwa sauti, mbele ya watu. Nilimwona mama akilimeza kama maji.

"Na waliitengeneza na nini, mupaka iko na ngozi kama ile?" mgeni akauliza.

Mama Prezidanti alitazama viatu vyake. Mama akafungua mdomo akaufunga. Mimi sikuelewa kwa nini watu wazima wanashindwa swali rahisi namna ile, nikajibu kwa sauti yangu yote:

"Na mavi ya ngombe!"

Mtu akacheka, wengine wakaguna. Nilimtazama mama nikitegemea kofi. Mama alinivuta mbele yake, akaweka mikono yote miwili mabegani mwangu, akainua kidevu.

"Ni kweli," akasema. "Mavi ya ngombe, na karatasi ya simenti, na muhogo. Mama Ngabu hapa alinifundisha, na uyu mutoto alitoboa pua. Mwaka unakuya tutafanya na punda."

Mama Prezidanti alimgeukia mama.

"Na punda naye mutamupaka?"

"Tutamupaka."

"Punda iko mukubwa. Mavi ya Mama Ngabu haitatosha." Alikung'uta vumbi lisilokuwapo kwenye kitenge chake kilichonyooka, akasogea karibu na kushusha sauti, lakini si sana, na wote tulisikia. "Kwangu kuko ngombe, Mama Masika. Utume mutoto na ndoo."